Majina ya samaki mezani: lugha ya mkahawa wa mtaa mjini Lubumbashi

Wachunguzi wa Kiswahili wamezoea kuitazama lugha mahali inapovaa nguo zake za heshima: kanisani, darasani, mahakamani, redioni, katika magazeti na vitabu. Ni nadra kuifuata hadi kwenye benchi la mkahawa mdogo wa samaki, ingawa huko ndiko watu wengi wa Lubumbashi huisema kwa uangalifu mkubwa, kwa kuwa fedha zao na matumbo yao yamo hatarini. Makala haya yanakusudia kueleza maneno yatumikayo mahali hapo, kuanzia jina la nyumba yenyewe hadi jina la samaki aliyemo chunguni. Yanakusudia pia kuonyesha kwamba majina hayo ni sehemu ya mapatano kati ya anayepika na anayekula, wala si pambo wala upungufu wa elimu. Anayeyafuta kwa kalamu nyekundu na kuweka mahali pake neno moja la jumla huondoa habari ambayo mlaji aliihitaji.

Mkahawa unaozungumzwa hapa ni ule wa mtaani, katika komini za Kenya, Katuba, Kamalondo, Kampemba au Ruashi. (Kenya hii ni komini ya Lubumbashi, si nchi ya jirani, mgeni kutoka pwani huchekesha watu anapoambiwa kwamba samaki wake amenunuliwa "ku soko ya Kenya".) Paa ni la mabati au turubai, mabenchi ni mawili au matatu, beseni na jagi la maji ya kunawa viko karibu na mlango, na mbele ya nyumba pamewekwa mbabula, yaani jiko la makaa. Hapa msomaji wa Lubumbashi atakuwa amekwisha kutabasamu, kwa sababu makaa katika Kiswahili chake huitwa makala. Kwake yeye maneno "makala haya" yanaweza kumaanisha maandishi ya mwanachuo au gunia la kuni zilizochomwa, na si kila mara ataona tofauti kubwa baina ya hayo mawili.

Nyumba hiyo haina jina moja. Wako wanaoiita restora, neno lililopokewa kutoka Kifaransa. Wengine husema malewa, neno la Kinshasa lililosambaa nchini pamoja na Kilingala cha muziki na cha jeshi, nalo hutaja mahali pa kula kwa bei nafuu bila madaha. Tena kuna nganda, ambapo kinywaji hutangulia na samaki wa kuchoma hufuata. Neno hili lina historia inayofaa kukumbukwa na kila anayekula samaki ndani yake. Katika Kilingala cha mtoni, nganda ilikuwa kambi ya wavuvi, mahali walipotua kwa muda, wakaanika nyavu, wakakausha samaki na kupumzika. Mji ulipokua, neno lilihama kutoka ukingo wa mto hadi barabara ya mjini. Wavuvi wakaondoka ndani yake, mapumziko yakabaki. Jijini Dar es Salaam nyumba ya namna hii hutambuliwa kwa mwanamke anayepika, naye huitwa mama ntilie, kwa kulifuata ombi la mteja anayetaka kutiliwa chakula. Lubumbashi nako mpishi ni mama, lakini neno hilo halikugeuka kuwa jina la kazi. Limebaki kuwa namna ya kumwita kwa heshima, hata kama mteja amemzidi umri.

Mazungumzo huanza kwa swali. Mteja hasomi orodha ya vyakula, kwa kuwa haipo. Orodha imo kinywani mwa mpishi na hubadilika kila siku. Swali la kawaida ni hili: "Mama, muko na samaki gani leo?" Mtu aliyefunzwa sarufi sanifu peke yake ataona makosa mawili katika sentensi hiyo fupi. Atasema kwamba mama ni mmoja, basi ingefaa "uko". Tena kwamba kumiliki husemwa "una", si "uko na". Yote mawili ni kanuni za Kiswahili cha hapa. Kiambishi cha wingi mu- kwa mtu mmoja ni heshima, na mteja akisema "uko" kwa mama asiyemjua ataonekana hana adabu, hata kama amevaa suti. Mpishi naye humrudishia heshima hiyo kwa kumwita papa, au yaya ikiwa anamwona kama ndugu mkubwa. Hata kuagiza hufanywa kwa wingi: "munipatie". Tofauti kati ya "nipatie" na "munipatie" ni ndogo kwa sikio, lakini katika mkahawa yaweza kuamua kama mteja atapewa kipande cha katikati au mkia.

Baada ya salamu huja neno linalowapoteza wageni kuliko yote, nalo ni mboga. Walimu wa shule huliweka upande wa majani: mchicha, kabeji, matembele. Lubumbashi mboga ni kila kitu kinacholiwa pamoja na bukari, yaani ugali. Sombe ni mboga, maharagwe ni mboga, nyama ni mboga, na samaki ni mboga. Mama anapouliza "Mboga gani?", jibu "Samaki" ni sahihi kabisa. Kiswahili sanifu kina neno kitoweo kwa maana hiyo, lakini ni wachache wanaolitumia hapa. Lugha za jirani nazo zina neno moja kwa kila kinachosindikiza ugali, na Kiswahili cha mji wa migodi, kilichosemwa tangu mwanzo na watu waliotoka pande hizo zote, kililipa neno mboga kazi hiyo. Mpangilio wa maana umetoka kwa wenyeji, sauti imetoka pwani. Mwanafunzi anayeandika "tulikula mboga ya samaki" hajachanganya wanyama na mimea. Ametafsiri meza ya kwao kwa uaminifu.

Sasa tuje kwa samaki mwenyewe. Jibu la kwanza la mpishi, siku nyingi za mwaka, ni Thomson. Jina hili, ambalo wengine huliandika tomsoni, hutajwa kana kwamba limekuwapo tangu zamani za mababu, nalo limepokea sarufi yote ya mahali: samaki mdogo wa namna hiyo ni kathomson, wadogo wengi ni tuthomson, kwa viambishi vya udogo ka- na tu- ambavyo Kiswahili cha hapa kilivihifadhi na Kiswahili sanifu hakivitumii. Kinshasa watu husema mpiodi. Kwa vyovyote, ni samaki wa baharini wa jamii ya Trachurus, mwenye mstari wa magamba magumu ubavuni unaomkwaruza mpishi vidole, nyama nyeusi kidogo karibu na uti wa mgongo, na mafuta yanayonukia anapokaangwa. Wengi wao huvuliwa katika Bahari ya Atlantiki karibu na Namibia, ambako mkondo baridi wa Benguela hulisha samaki wengi. Meli kubwa huwavua kwa nyavu za kukokota na kuwagandisha, nao hupakiwa katika maboksi na kuanza safari ndefu.

Lubumbashi iko zaidi ya kilomita 1,000 kutoka bahari yoyote. Kutoka bandari ya Walvis Bay hadi hapa, barabara hupita kilomita 2,000, ikivuka Namibia na Zambia hadi mpaka wa Kasumbalesa. Daraja la Katima Mulilo juu ya mto Zambezi, lililofunguliwa mwaka 2004, liliirahisisha njia hiyo. Basi mji ulio ndani kabisa ya bara, wenye maziwa na mito jirani, umezoea kula samaki wa bahari kama chakula cha mtu wa kipato kidogo, huku samaki wa ziwa la jirani akihesabiwa kuwa wa siku ya mshahara. Jambo hili huwashangaza watu wa Mombasa na Zanzibar, ambao hudhani kwamba samaki wa bahari ni fahari ya pwani peke yake.

Neno linalofuata jina la Thomson ni frigo. "Samaki ya frigo" ni samaki aliyegandishwa, na mteja mwenye busara huuliza zaidi: ametoka frigo leo, au alitoka jana na kurudi? Swali hili si la ukorofi. Samaki aliyegandishwa hupaswa kukaa katika baridi ya nyuzi 18 chini ya sifuri mpaka atakapopikwa. Mjini kwetu umeme hukatika. Boksi huyeyuka, umeme ukirudi huganda tena, na nyama iliyoganda mara mbili hulegea, hutoa maji mengi na kuvunjika katika kikaango. Hasara hiyo ni ya ladha tu. Iliyo kubwa zaidi haionekani. Nyama ya samaki wa jamii hii ina kemikali iitwayo histidini kwa wingi. Akikaa katika joto, vijidudu huigeuza histidini hiyo kuwa histamini. Anayekula samaki wa namna hiyo huweza kupatwa, baada ya dakika chache au saa moja au mbili, na uso mwekundu wenye joto, kuumwa kichwa, kuwashwa mwili, moyo kwenda mbio, pengine kuhara. Kwa kawaida hali hiyo hupita ndani ya siku moja, ila kwa mwenye pumu au ugonjwa wa moyo yaweza kuwa nzito. Na hapa ndipo watu wengi hudanganyika: moto hauiondoi histamini. Kukaanga sana, kuchemsha sana, kutia ndimu na pilipili, hata kukausha kwa moshi, hakuna kinachoiharibu. Samaki wa jamii ya tilapia hawana histidini nyingi hivyo. Wakioza wanadhuru kwa njia nyingine, lakini si kwa hiyo.

Kwa hiyo mlaji anayesikia jina Thomson amekwisha kuambiwa mambo manne kwa neno moja: samaki huyu ametoka mbali, ametoka barafuni, bei yake ni ya chini, na hapana budi kuuliza habari za baridi yake. Mwalimu akisahihisha "Thomson" na kuandika "samaki", mambo yote manne hupotea. Hata neno "kibua", ambalo watu wa pwani hulitumia kwa samaki wa aina zinazofanana na huyu, halingemsaidia mlaji wa Katuba, kwa sababu kibua wa pwani huuzwa sokoni akiwa mbichi, hajui safari ya maboksi.

Jibu la pili la mpishi, siku njema, ni "ya Kasenga". Kasenga iko kando ya mto Luapula, yapata kilomita 200 kutoka Lubumbashi, na jina lake limekuwa alama ya ubora. Chini ya jina hilo hupatikana majina yaliyotoka kwa wavuvi wa Luapula na Mweru wenyewe: pale, ambaye ni tilapia mpana, na makobo, ndugu yake mwenye mdomo mkubwa. Samaki hawa hupikwa kwa namna nyingine kabisa. Thomson hukaangwa kwanza, kwa sababu akiingizwa mbichi katika mchuzi hutawala harufu ya chungu kizima. Kisha huongezewa nyanya, kitunguu na pilipili. Pale huweza kuchemshwa mzima kwa maji machache na chumvi, mafuta ya ngazi kidogo, na mchuzi wake ukabaki mwepisi. Mpishi anayemzamisha pale katika nyanya nyingi hushukiwa kwamba kuna jambo analoficha.

Umaarufu wa Kasenga una umri. Kampuni ya Union Minière, iliyoanzishwa mwaka 1906, ilipaswa kuwalisha maelfu ya wafanyakazi wake, na samaki wa Luapula aliingia katika posho, yaani mgao wa chakula uliotolewa kambini. Wafanyabiashara Wagiriki walifanya makao Kasenga, wakaleta mashua, barafu na malori, wakauza samaki hadi Elisabethville, kama Lubumbashi ilivyoitwa wakati wa ukoloni. Samaki aliyetajirisha biashara hiyo hakuwa pale peke yake, bali pia mpumbu, ambaye wanasayansi humwita Labeo altivelis. Mpumbu alikuwa na desturi ya kupanda mto kwa makundi makubwa wakati wa mvua ili kutaga mayai, na desturi hiyo ndiyo iliyomwangamiza. Nyavu zilitandwa mahali alipolazimika kupita, naye alinaswa kabla ya kutaga. Kufikia mwanzo wa miaka ya 1950 makundi hayo yalikuwa yamekwisha kuvunjika, na hayakurudi kama zamani. Mtu akiuliza mpumbu katika mkahawa wa leo, vijana wengi hulisikia kama jina la ukoo au la kijiji. Neno hufa hivi: kwanza samaki huadimika mtoni, kisha jina lake huadimika mezani, mwisho hubaki katika vinywa vya wazee wachache, na mwandishi wa kamusi asiyeharakisha hukuta pameachwa kimya.

Ng'ambo ya Luapula ni Zambia, na sheria ya Zambia hufunga uvuvi katika maji yake mengi, Mweru na Luapula zikiwamo, kuanzia tarehe 1 Desemba hadi mwisho wa Februari, ili samaki wazaliane. Miezi hiyo "ya Kasenga" hupungua, bei hupanda, na hapo ndipo jina hilo hujaribiwa. Siku hizi wako pia tilapia wa kufugwa, wengine wakitoka Zambia wakiwa wamegandishwa, wenye umbo linalofanana sana na la pale. Akishakatwa vipande, akakaangwa na kufunikwa mchuzi, ni mjuzi tu atakayemtambua. Neno tilapia lenyewe limeacha kueleza chochote kuhusu asili. Ndiyo sababu mteja huuliza tena, hata baada ya kusikia tilapia: "Ya Kasenga ao ya frigo?" (Ao ni "au" ya Kongo, kalamu nyekundu imekwisha kuimwagia wino mwingi.) Anayelipa bei ya Kasenga akapewa ya frigo ameibiwa kwa neno, na wateja wa mkahawa hujua hivyo. Ugomvi wa mkahawani, ukisikilizwa vizuri, mara nyingi ni ugomvi wa maana: upande mmoja hudai kwamba jina lilitajwa, upande wa pili kwamba lilitajwa tilapia tu.

Wadogo nao wana majina yao. Wale wa Ziwa Tanganyika, wanaofika kutoka upande wa Kalemie na Moba, huitwa ndagala au ndakala. Wanaopitia Zambia huitwa kapenta. Shuleni huitwa dagaa, jina ambalo mtoto wa Lubumbashi hulikuta kitabuni kabla ya kulisikia kwa mtu. Aina zilizo nyuma ya majina hayo ni zile zile au ni ndugu wa karibu sana. Katika Ziwa Kivu samaki mmojawapo, Limnothrissa miodon, alipandikizwa mwishoni mwa miaka ya 1950 kutoka Tanganyika, na huko Goma na Bukavu huitwa sambaza. Wako wanaokimbilia kusema kwamba jina hilo limetokana na kitenzi kusambaza, eti kwa kuwa samaki huyo alisambaa ziwani. Maelezo hayo yanapendeza, lakini kufanana kwa sauti si ushahidi wa asili, na wanafunzi wa isimu yafaa wayapokee kwa mkono wa kushoto. Mlaji anayehama kutoka Bukavu kuja Lubumbashi akaagiza sambaza hatapata kitu mpaka ajifunze kusema ndagala. Akifika Kitwe atahitaji kapenta, na Kigoma, dagaa. Ni samaki wa kidole kimoja, lakini huhitaji kamusi ya nchi tatu.

Limebaki jambo la upatanisho wa kisarufi, ambalo walimu hulilalamikia kuliko yote. Kiswahili sanifu humweka samaki pamoja na viumbe hai: samaki huyu, samaki wameisha. Hata akishakatwa kichwa, akakaangwa na kuwekwa sahanini, sarufi ya pwani humhesabu kama mwenye uhai. Mkahawa wa Lubumbashi husema "samaki hii", "samaki ya kukaanga", "samaki imeisha". Walimu huita hivyo uvivu. Lakini Kiswahili cha mji huu hakishindwi kutofautisha kiumbe na kitu: mtu husema "muntu anakuya", wala hasemi "muntu inakuya". Samaki anayefika mezani hapa, kwa sehemu kubwa, amefika katika boksi, gunia au kapu. Walaji wengi hawajamwona akiogelea. Upatanisho wa i- unalingana na jinsi wanavyokutana naye, ingawa sarufi sanifu itaendelea kudai a- na wa-, na mwanafunzi anapaswa kuzijua njia zote mbili na mahali pa kila moja.

Kwa hiyo, yapata saa nane mchana, mama anapofunika chungu na kutangaza "Samaki imeisha, kunabakia sombe", waliochelewa hawamsahihishi. Huuliza tu kama katika hiyo sombe mmetiwa ndagala.